Mguu mzima nao unachoka: mwongozo wa kupunguza kuanguka na kuvunjika kwa tuliougua polio utotoni

Maswali yanayonifikia ni yale yale. "Mbona siku hizi naanguka, na mguu ni huu huu niliotembelea miaka arobaini?" "Nikianza kushika gongo, si ndiyo basi tena?" "Mama kaanguka, anasema haumwi sana, tumpeleke au tungoje?" Wiki iliyopita nimeyajibu mara tatu kwa simu, nikaona heri niyaandike mara moja.

Mimi niliugua nikiwa na miaka mitatu. Mguu wa kushoto ukabaki mwembamba, wa kulia ukabeba kazi ya miwili. Sasa nina miaka sitini na mbili. Anguko lililoniamsha halikutokea barabarani wala kwenye daladala. Nilikuwa natoka bafuni kwangu, saa kumi alasiri, ndala zimelowa. Nikanyoosha mkono wa kulia kujizuia, kifundo cha mkono kikavunjika. Mkono huo ndio unaoshika gongo, kwa hiyo kwa wiki sita nilipoteza mkono na mguu kwa pamoja.

Wengi wetu tuliugua kabla chanjo haijatufikia. Tanzania mpango wa taifa wa chanjo ulianza 1975, Kenya 1980. Agosti 2020 bara la Afrika lilithibitishwa kuwa halina tena virusi vya polio vya asili, watu wakashangilia, na walikuwa na haki. Ila sisi tulioachiwa alama bado tupo, na tunazeeka.

Nadharia ni kidogo tu. Polio iliua seli za neva zinazoamrisha misuli. Zilizosalia zikatoa matawi mapya na kuichukua misuli iliyoachwa yatima. Baada ya miaka 15, 30 au zaidi, seli hizo hulemewa: nguvu zinapungua upya, uchovu unaingia, na hata mguu tuliouita mzima unaanza kusaliti. Madaktari wanaita sindromu ya baada ya polio. Mfupa nao hukomaa kwa kubebeshwa uzito na kuvutwa na misuli. Mguu ambao haukufanya kazi tangu utoto una mfupa mwembamba, na ndiyo maana anguko ambalo jirani yako angeinuka na kujikung'uta vumbi, kwako linaweza kuvunja paja.

Tafiti za Marekani na Uholanzi zimekuta kwamba zaidi ya nusu ya walionusurika polio huanguka angalau mara moja kwa mwaka. Wale wa Uholanzi wakaona jambo ambalo bafu langu lilishanifundisha: wengi huanguka mahali wanapopajua, wakiwa wanatembea tu, na mara nyingi ni mchana kuelekea jioni.

Andaa hivi kwanza

- Daftari dogo na kalamu.
- Simu, na kamfuko ka kuivaa shingoni. Simu iliyo mezani haikusaidii ukiwa sakafuni.
- Kigoda imara cha sentimita 20 hadi 25, na kiti kizito kisicho na magurudumu.
- Tochi ya kuchaji.
- Raba mpya za gongo au magongo.
- Viatu vyenye mkanda wa nyuma au vinavyofunika kisigino. Ndala na malapa si viatu vya kutembelea kwa mtu kama sisi.
- Hela ya fundi wa kuchomelea na ya fundi viatu.
- Mtu mmoja wa nyumbani mwenye subira, kwa nusu siku.

Hatua ya 1: Andika kila anguko, na kila kujikwaa

Kwa wiki mbili, andika saa, mahali, ulikuwa unafanya nini, umevaa nini miguuni, na ni mguu gani ulioanza kukuangusha. Kujikwaa ukashika ukuta kunahesabika. Usiandike "niliteleza" halafu ukafunga daftari. Uliteleza kwa sababu sakafu ilikuwa na maji, au kwa sababu vidole vya mguu havikuinuka? Hayo ni magonjwa mawili tofauti, na dawa zake ni mbili.

Hatua ya 2: Jua mguu wako unaangukaje

Ukishapata kurasa chache utaona mtindo. Wengi wetu tuko katika mojawapo ya makundi haya:

a) Vidole vinaning'inia na kukwama kwenye kizingiti, kwenye ukingo wa mkeka, au kwenye kijiwe kidogo tu.

b) Goti linakunja ghafla, hasa unaposhuka au unapogeuka. Kama umezoea kutembea huku ukisukuma paja kwa mkono, uko hapa. Siku mkono ule ukibeba ndoo, hakuna wa kulishika goti.

c) Ule mguu tuliouita mzima ndio unaochoka. Hili ndilo tunalolikataa kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu tangu utoto tumejisifia mguu huo.

Nenda na daftari kwa mtaalamu wa mazoezi tiba. Moshi kuna hospitali ya KCMC, na jirani yake chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na vyuma vya miguu. Dar es Salaam kuna hospitali ya CCBRT na taasisi ya mifupa ya MOI. Kenya kuna APDK, shirika la watu wenye ulemavu wa viungo, ambalo lina matawi nje ya Nairobi pia. Ukiwa mbali na huko, anza na hospitali ya wilaya uombe rufaa.

Tahadhari: baadhi yetu goti linarudi nyuma tunapokanyaga, au kisigino hakifiki chini. Fundi mgeni ataona kasoro na kutaka kuinyoosha yote. Mwambie asubiri. Goti lile linaporudi nyuma ndipo linapojifunga lisikunje, na kisigino kilichoinuka huenda ndicho kinacholisukuma lijifunge. Ukiondolewa vyote kwa siku moja unaweza kutoka pale ukiwa mnyoofu na ukaanguka getini. Kurekebisha ni sawa, ila kwa kiasi, na kwa kujaribiwa ukiwa umeshika nondo mbili za kujishikilia, moja kila upande.

Hatua ya 3: Kagua viatu, chuma na gongo

*Viatu.* Soli iwe bapa, isiyoteleza, na isiwe nene kama tofali, kwani soli nene hukwama. Kama mguu mmoja ni mfupi, fundi viatu anaweza kuinua soli, lakini kipimo kitoke kwa mtaalamu, na usiinue tofauti yote. Mguu dhaifu unahitaji nafasi ya kupita bila kuburuza.

*Chuma cha mguu.* Kikiwa na kufuli la gotini, jizoeze kungoja mlio wake kabla ya kukanyaga. Simama, sikia "tak", ndipo utie uzito. Watu wengi wanaovaa chuma huanguka pale pale wanapoinuka kitini, kufuli halijaingia na akili imeshafika mlangoni. Kagua mikanda na skrubu kila mwezi.

*Gongo.* Simama ukiwa na viatu, mikono imelegea. Mpini ufike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Shika gongo mkono ulio kinyume na mguu dhaifu. Raba ikishalika hadi miduara yake ya chini haionekani, badilisha. Zile za kukatwa kwenye tairi na kupigiliwa misumari ni nzuri kwenye vumbi, lakini msumari ukitokeza, kwenye vigae inakuwa kama umevaa sabuni.

*Ngazi.* Kupanda, mguu wenye nguvu utangulie. Kushuka, gongo na mguu dhaifu vitangulie.

Hatua ya 4: Tengeneza bafu na choo kabla ya kitu kingine chochote

Kama una hela ya jambo moja tu, iweke hapa.

Mwite fundi wa kuchomelea akutengenezee vyuma viwili vya kushika, vya bomba la duara lenye unene wa sentimita tatu na nusu hadi nne, ambalo kiganja kinalizunguka vizuri. Kimoja mlangoni mwa bafu, kingine pale unapoketi au kuchuchumaa. Kimo kinategemea wewe: simama, kunja kiwiko kidogo, mkono unapotua ndipo chuma kinapokaa. Vifungwe kwenye tofali kwa skrubu ndefu, si kwenye lipu peke yake. Kabla hujaviamini, mwambie kijana mzito wa nyumbani avining'inie.

Usishike bomba la maji, sinki, wala chuma cha taulo. Havikuwekwa kubeba mtu.

Choo cha kuchuchumaa ndicho kinachotumaliza. Kuinuka kutoka chini kunataka mapaja ambayo hatuna. Seremala anaweza kukutengenezea kiti cha mbao chenye tundu kinachowekwa juu ya shimo. Miguu yake iwe mipana na iwe na raba chini, na kila mtu wa nyumbani ajue kwamba hakihamishwi. Usiku weka ndoo yenye mfuniko au kopo chumbani. Hakuna aibu humo. Aibu ni kuokotwa uani saa nane usiku.

Oga ukiwa umekaa. Kiti cha plastiki kinatosha, mradi miguu yake haijapasuka na kinaegemea ukuta. Ndoo iwe juu ya kigoda ili usiiinamie. Jifute ukiwa bado umekaa, vaa viatu vikavu ukiwa bado umekaa, ndipo usimame. Mimi ningefanya hilo la mwisho peke yake, mkono wangu usingevunjika.

Hatua ya 5: Safisha njia yako ya kila siku

Pita njia unayopita kutoka kitandani hadi chooni, jikoni na mlango wa mbele. Ondoa vizulia vidogo. Waya wa feni upite ukutani. Vizingiti vipakwe rangi nyeupe au ya njano. Tochi ikae mahali pamoja siku zote, unapofikia kwa mkono bila kuinuka, maana umeme hauagi ukikatika.

Nguo nazo: dera, kanzu na kitenge visiguse kiatu, pindisha upindo. Na kama unaswali au unasali mahali pa kusujudu na kupiga magoti, omba kiti. Imamu au padri mwenye akili atakuwa wa kwanza kukuletea.

Hatua ya 6: Panga siku kwa nguvu ulizonazo

Fungua daftari, tazama saa. Kama maanguko yako yamerundikana alasiri, tatizo ni uchovu. Kazi za kusimama na kutembea zifanye asubuhi. Pumzika umelala au umeketi, miguu juu, nusu saa baada ya chakula cha mchana, hata kama hujachoka. Kuoga kuhamie asubuhi.

Baridi pia hulegeza misuli yetu. Mguu wa polio hupoa haraka, na ukishapoa haukusikii. Wa Njombe, Lushoto na Limuru mnalijua hili: soksi ndefu kabla ya kushuka kitandani.

Ongea na daktari kuhusu dawa zako. Vidonge vya usingizi na baadhi ya dawa za presha huleta kizunguzungu unaposimama. Usiziache mwenyewe, uliza. Wakati huo keti ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili kabla ya kuinuka. Pombe, nadhani sina haja ya kueleza.

Hatua ya 7: Lisha mifupa, na uipime mahali panapostahili

Mtu aliyevuka miaka 50 anahitaji kalsiamu miligramu 1,000 hadi 1,200 kwa siku. Kikombe cha maziwa au mtindi kina kama 300. Wimbi (ulezi) lina takriban 350 kwa kila gramu 100 za unga, zaidi ya nafaka zetu nyingine zote, na dagaa wanaoliwa na mifupa yao hawashindwi na kidonge. Kaa juani kidogo kila siku, mikono na miguu ikiwa wazi, ili mwili utengeneze vitamini D. Wenye figo mbovu waulize daktari kabla ya kumeza vidonge vya kalsiamu.

Ukipelekwa kwenye kipimo cha uzito wa mifupa, kile cha DEXA, sema mapema: "Naomba nipimwe nyonga ya mguu uliopata polio." Mara nyingi hupimwa nyonga moja tu, na wakipima ile yenye nguvu utaambiwa uko salama, wakati upande wa pili mfupa umekwisha. Wanawake waliokoma hedhi, wavutaji sigara, na waliotumia prednisolone (dawa ya steroidi) kwa miezi mingi wasikawie kuomba kipimo hiki.

Ukiandikiwa alendronate, dawa ya kuimarisha mifupa, imeze asubuhi kabla ya kula, kwa bilauri nzima ya maji, ukae wima nusu saa. Ukilala inachoma koo.

Hatua ya 8: Mazoezi, lakini si ya kishujaa

Tulilelewa kuambiwa "jikaze". Kwa misuli ya polio iliyozeeka, kujikaza kupita kiasi kunaimaliza. Fanya mazoezi mepesi, pumzika katikati, acha kabla hujachoka. Kipimo ni kesho yake: ukiamka na maumivu au uchovu wa jana, punguza nusu. Misuli ambayo haiwezi hata kuinua mguu wenyewe usiifungie mchanga wala kopo la saruji. Maji ya kina cha kifua ni mahali pazuri kwa wa pwani, ukiwa na mtu pembeni.

Hatua ya 9: Jifunze kuanguka na kuinuka

Ukihisi goti linakwenda, keti chini mapema, popote ulipo, hata kama ni mbele za watu. Achia ulichobeba. Sufuria itanunuliwa. Usinyooshe mkono mkavu kama mhimili, kunja kiwiko, linda kichwa.

Ukishakuwa chini, fuata hivi, na ufanye majaribio na yule mtu mwenye subira siku ambayo hujaanguka:

1. Tulia dakika moja au mbili. Usikubali kuinuliwa kwa pupa.
2. Sogeza vidole, kifundo, goti, nyonga. Maumivu makali ya nyonga au paja yakikushika, komea hapo hapo, usijaribu kuinuka.
3. Jigeuze upande wenye nguvu, ujisukume kwa mikono hadi ukae.
4. Jikokote kwa makalio, kinyumenyume, hadi kwenye kigoda kilichoegemea ukuta.
5. Sukuma kwa mikono, panda kigodani. Pumzika.
6. Kutoka kigodani, panda kitini au kitandani kwa namna ile ile.

Msaidizi kazi yake ni kushikilia kigoda na kiti visisogee. Asikuvute kwa makwapa wala kwa mikono. Mabega yetu yamechakaa kwa magongo, yanachomoka.

Hatua ya 10: Piga picha miguu yako, andika kadi

Piga picha ukiwa umelala na ukiwa umesimama, mbele na pembeni. Iweke kwenye simu yako na ya mtoto wako. Kisha andika kadi ukae nayo: niliugua polio mwaka fulani, mguu fulani ni dhaifu na mfupi tangu utoto, goti au kifundo hakinyooki zaidi ya hapa, natumia hiki na hiki kutembea, dawa zangu ni hizi, napumua vizuri au sipumui vizuri nikilala. Sababu utaiona hapa chini.

Mambo yakienda mrama

*"Nimeanguka, naumwa kidogo, lakini natembea."* Polio haikuchukua hisia za mguu, kwa hiyo maumivu yako ni ya kweli, yaamini. Yakiwa bado yapo kesho unapokanyaga, nenda ukapige eksirei. Ufa mdogo wa nyonga unaweza kutembelewa siku mbili, siku ya tatu mfupa ukaachana.

*"Hawezi kusimama, na mguu umegeukia nje."* Huenda ni nyonga au paja. Usimpe chakula, usimnyooshe. Funga mguu ulioumia pamoja na mwenzake kwa kanga, weka mito katikati, mbebeni juu ya ubao au godoro. Bodaboda hapana. Msimpitishe kwa mtu wa kuchua na kuvuta mifupa. Mfupa mwembamba ukivutwa unavunjika mara ya pili.

*"Hospitali wanajaribu kuunyoosha mguu ambao haujawahi kunyooka."* Hapo ndipo picha inapofanya kazi. Nimemwona mgonjwa akivutwa goti lililopinda tangu 1969, kwa sababu aliyekuwa zamu alidhani limepinda leo.

*"Wanataka kunifanyia upasuaji."* Kwa nyonga, kuchelewa ni kubaya kuliko upasuaji, unatakiwa ufanyike ndani ya siku moja hadi mbili. Mwonyeshe mtaalamu wa usingizi ile kadi. Wengi wetu dawa za usingizi na za kulegeza misuli hutukolea kuliko wengine, na kuamka huchukua muda. Omba blanketi la joto. Mwambie daktari wa mifupa apime upana wa ndani ya mfupa kwenye eksirei kabla, maana chuma cha kawaida cha kuungia mfupa kinaweza kisiingie.

*"Wamenifunga plasta nzito, mguu hauinuki kabisa."* Rudi uulize kama ipo ya aina nyepesi, ya faiba. Mguu dhaifu wenye kilo mbili za plasta ya kawaida (POP) unakuangusha upya.

*"Nimeambiwa nilale wiki sita."* Uliza ni kiungo kipi kisiguswe, kisha uliza vingine vyote vinaruhusiwa nini. Misuli yetu ikilala wiki kadhaa hairudi kirahisi. Kaa kitako mara nyingi kwa siku, sukuma kwa mikono, geuka kila baada ya saa mbili kuepuka vidonda. Kama uliovunjika ni ule mguu mzima, omba kiti cha magurudumu kabla hujaruhusiwa kurudi nyumbani, kwa sababu utakuwa huna mguu wa kusimamia hata mmoja.

*"Watoto wamenikataza kutembea."* Wanaogopa, usiwagombeze. Wape hatua ya 4 waifanye, kisha tembea. Mfupa usiobebeshwa uzito unazidi kukonda.

*"Nikianza kutumia kiti cha magurudumu sokoni, si nitasahau kutembea?"* Hapana. Hatua ulizonazo kwa siku zina idadi, na ni wewe unayechagua pa kuzitumia. Mimi siku za soko naenda kwa bajaji hadi mlangoni, ndani nazunguka na kiti, kijana wa jirani anasukuma na tunabishana bei ya nyanya. Nikirudi nyumbani, mguu wa kulia bado una nguvu ya kunivusha kizingiti cha bafu.